Mwanzi Uliokataa Kulala

Ujumbe uliingia saa moja na dakika kumi asubuhi.

"Mgeni anaondoka leo saa tatu. Chai bado haijachemka."

Bupe aliusoma mara moja, akaufuta. Akarudisha simu ndani ya buti la kazi, akashusha kioo cha kuchomelea usoni, akaendelea kuchomelea bawaba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Chai maana yake ushahidi.

Haijachemka maana yake Bupe bado hana.

Chini ya kofia, kwenye sikio la kushoto, alikuwa na kifaa kidogo kama punje ya mahindi. Alikigusa.

"Mlima, huyu ni Ukungu."

"Sema, Ukungu."

"Jana jioni nimepekua gari lote. Chini ya kitanda, chini ya sakafu, ndani ya tangi la maji. Kamera ya joto haijaona kitu. Kipimo cha laiza kinasoma sawasawa na mchoro. Sentimita kwa sentimita."

"Kwa hiyo kipunji wameyeyuka?"

"Sijasema hivyo."

Siku tano zilikuwa zimepita tangu askari wa msitu wakute mtego mlimani Rungwe, kamba imekatwa, majani yamelala. Kipunji wawili walikuwa wamechukuliwa, mama na mtoto wake mdogo. Ni kima ambaye dunia nzima inaweza kumkosa, maana wamebaki wachache sana, na nje ya nchi hii hawapo kabisa. Huko ng'ambo kulikuwa na mtu aliyewataka wakae kwenye banda lake, awaonyeshe rafiki zake.

"Nisikilize," Mlima alisema. "Mgeni ana barua ya mashindano ya magari. Ana viza, ana kila muhuri. Timu iko Kasumulu mpakani, lakini bila ushahidi hawamgusi. Akivuka, ndiyo basi. Na kuna jambo lingine. Tamko la mtengenezaji linasainiwa na mzee wako. Linasema kila ukuta ndani ya lile gari ni kazi ya mikono yake. Wanyama wakikutwa huko mbele, jina la kwanza kusomwa litakuwa Ambindwile."

"Mzee hajui kitu."

"Hawatamuuliza kama alijua. Watamuuliza kama alisaini."

Sauti ikakatika.

Bupe alizima mashine. Kwa miaka tisa alikuwa anaijua sauti ya Mlima. Hajawahi kuona uso wake.

Gereji ya Mzee Ambindwile ilikuwa Bulyaga, Tukuyu, nyuma ya duka la mbolea. Bati juu, migomba pembeni, matope kila mahali, maana Tukuyu mvua haiulizi ni mwezi gani. Miezi mitatu iliyopita Bupe alifika pale na begi moja, akasema anaitwa Jenifer, anajua kuchomelea, anatafuta kazi. Mzee alimpa vipande viwili vya chuma. Akaunganisha. Mzee akaangalia ule mshono, akashukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga, mwanangu. Kesho saa moja."

Hakumuuliza kingine.

Na hapo katikati ya uwanja ndipo lilipokuwa limesimama lenyewe.

Zamani lilikuwa basi la Scania la safari ndefu. Sasa lilikuwa nyumba. Nusu ya mbele ilikuwa na kitanda cha futi tano, jiko la gesi la plate mbili, sinki, kabati, choo kidogo, na kwenye paa sola nne. Nusu ya nyuma ilikuwa chumba cha gari. Mlango wake wa nyuma ulikuwa ukilala chini na kuwa daraja, winchi ya umeme inavuta, na gari la mashindano linapanda lenyewe kama mtu anayeenda kulala. Ndani yake kulikuwa na Subaru Impreza ya bluu, imefungwa mikanda minne.

Mwenyewe alikuwa anaitwa Dekker. Alisema yeye ni dereva wa mashindano, amechoka hoteli, anataka kulala na gari lake.

Bupe ndiye aliyetengeneza kile kitanda. Alikipiga msasa siku tatu. Alipokimaliza, saa ya chakula, wenzake wakiwa nje, alikaa juu yake dakika moja. Akaangalia kadirisha kadogo alikokaweka mwenyewe. Ungeweza kulala pale ukasikia mvua juu ya bati, ukaamka sehemu nyingine, na bado ukawa nyumbani.

Yeye alikuwa amelala kwenye vyumba vya kupanga kumi na saba. Alivihesabu.

Kisha akainuka, akafuta alama aliyoiacha.

"Jeni bubu," Erasto alimwita sasa. "Unachomelea bawaba nzima. Imekukosea nini?"

Erasto alikuwa fundi mwenzake. Kijana wa maneno mengi, mdomo haupumziki hata akila. Ila tangu arudi Kiwira juzi, ambako basi lilipelekwa kupigwa rangi, alikuwa anacheka bila macho.

"Ilikuwa inalia," Bupe alisema.

"Leo umesema maneno mawili. Nimwite mchungaji aje kuombea?"

"Kiwira mlifanya nini siku mbili?"

Erasto aliokota spana, akaiangalia kama hajawahi kuona spana.

"Rangi. Si unaiona? Nyeupe."

"Na Subaru mliipakia huko huko?"

"Bwana Dekker alitaka. Mimi nikatae kama nani?" Akaondoka, akaenda kusafisha mahali palipokuwa pasafi.

Bupe aliandika hilo kichwani. Juu, kwenye kenchi za gereji, mianzi ilikuwa imening'inia mingi, mikavu, rangi ya asali. Thelathini na kitu. Kila mmoja ulikuwa na jina limechomwa kwa waya wa moto. Wateja walidhani ni mapambo.

Saa mbili na nusu, Dekker akaja.

Mrefu, miwani ya jua kwenye ukungu, saa ya TAG Heuer mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha watu wengi. Pembeni yake alikuwa Hezron, dereva wake kutoka Dar, viatu vyeupe, anaruka matope kama paka.

Dekker alimpita Bupe kwa hatua moja. Hakumwona. Kwa miezi mitatu hakuwahi kumwona. Ile ndiyo ilikuwa silaha ya Bupe kubwa kuliko bastola, na alikuwa nayo tangu yuko darasa la tatu. Angeweza kukaa katikati ya watu arobaini, na jioni hakuna atakayekumbuka kwamba alikuwepo. Zamani ilikuwa inamuuma. Halafu mtu mmoja serikalini akamwambia kwamba hicho ni kipaji.

Bado ilikuwa inamuuma.

"Mzee Ambindwile, shikamoo," Dekker alisema. "Tunaondoka sasa hivi. Bado sahihi tu."

"Marahaba." Mzee alifuta mikono kwenye kitambaa. Alikuwa mfupi, ndevu nyeupe, koti la mvua la njano ambalo hakulivua hata jua likiwaka. "Tulisema saa tatu. Mimi bado sijalipima."

"Limeshapimwa. Mchoro upo hapa." Dekker alinyoosha karatasi. "Chumba cha gari, mita nne na sentimita arobaini na tano. Kila kitu kiko sawa."

"Hiyo karatasi mimi siisomi, baba. Najua herufi za majina tu. Mimi nasoma mwanzi."

Hezron alicheka. "Babu, dunia nzima sasa hivi wanapima kwa laiza. Wewe na mianzi."

"Laiza ilikuwa wapi wakati nakata fremu?" Mzee alisema taratibu. "Kila gari linalotoka hapa lina mwanzi wake. Naukata siku ya kwanza, naulaza ndani ukuta kwa ukuta. Siku ya mwisho naulaza tena. Ukilala, gari linaondoka na mwanzi wake, ili fundi wa huko mbele akitaka kurekebisha ajue nilianzia wapi. Asiyeweza kuubeba namtunzia hapa juu. Ndivyo nilivyofundishwa. Dakika mbili tu."

"Mzee wangu, tumechelewa mpakani," Dekker alisema, akamshika bega kwa upole. "Twende ofisini usaini. Huo mwanzi nitauchukua siku nyingine."

Mzee alikuwa mtu wa heshima. Mgeni akishakushika bega, huwezi kumsukuma. Alitembea naye kuelekea kwenye kibanda cha mbao alichokiita ofisi. Ila alipompita Bupe, alisema chini chini:

"Mwanangu, chukua mwanzi wake. Pima wewe. Gari halitoki kwangu bila kupimwa."

Bupe alipanda ngazi. Aliusoma ule mpya kuliko yote. *Dekker.*

"Jeni," Erasto alisema nyuma yake. Hakuwa anatania. "Acha tu. Nakuomba."

Bupe aliushusha.

Mlango wa nyuma wa basi ulikuwa wazi. Aliingia kwa ubavu, mgongo ukisugua ukuta, Subaru ikisugua tumbo. Akaupitisha mwanzi juu ya paa la gari, akaelekeza ncha yake kwenye ukuta wa mbele, akaanza kuulaza.

Ukagoma.

Akaurudisha. Akajaribu tena, taratibu. Ncha ya mbele iligusa ukuta mweupe, na ncha ya nyuma ikawa bado iko nje ya kizingiti. Akapima kile kilichobaki kwa mkono. Kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Sentimita arobaini na tano.

Bupe alirudi kwenye mchoro kichwani.

Mchoro ulisema mita nne na arobaini na tano tangu siku ya kwanza. Kumbe Dekker alimwambia mzee kwa mdomo ajenge mita nne na tisini, akijua mzee hasomi karatasi. Halafu Kiwira ukuta wa pili ukajengwa, na chumba kikawa sawa na mchoro. Mpakani, kila kipimo kingesema ukweli. Kila karatasi ingesema ukweli. Dekker alidhani mtu asiyesoma hana kumbukumbu.

Fremu ilishakatwa kabla Bupe hajafika. Kwa hiyo hata yeye alidanganywa.

Mwanzi peke yake haukudanganywa.

Aligonga ukuta kwa kidole. Sauti nene. Sponji ya karatasi ya fedha ndani, ile inayozuia joto. Ndiyo maana kamera ilikuwa kipofu. Akaweka sikio.

Kimya.

Hakuna pumzi. Hakuna kukwaruza. Pengine walikuwa wamepewa dawa ya usingizi. Pengine walishakufa.

Au pengine hakuna kitu.

Aligusa kifaa. "Mlima, huyu ni Ukungu. Nina..."

Mwanga ukapungua.

Aligeuka. Mlango wa nyuma ulikuwa unapanda. Hezron alikuwa amebonyeza swichi akiwa pembeni, akipiga mluzi. Alichungulia ndani, macho yakapita juu ya Bupe, juu ya Subaru, juu ya mwanzi.

Hakumwona.

Ile silaha yake kubwa, kwa mara ya kwanza, ilimgeukia.

Kama angepiga kelele, Dekker angejua. Dekker alikuwa na bastola kiunoni, na mzee alikuwa amekaa naye ofisini, goti kwa goti. Bupe alivuta mwanzi wote ndani, ukalala mshazari kutoka pembe hadi pembe. Mlango ukafunga. Akawa gizani.

"Mlima. Mlima, unanipata?"

Kelele ya chenga tu. Sponji ya fedha ilikuwa imeziba kila kitu.

Scania ikanguruma.

Dakika kumi za kwanza alihesabu kona. Kushoto, lami, basi linateremka. Walikuwa kwenye barabara ya Kyela, wanaenda mpakani. Harufu ya rangi mpya na mafuta ya petroli. Aliwasha tochi ya Nokia na kukaa chini, mgongo kwenye tairi.

Hakuna mtu duniani aliyejua alipo. Alijaribu kukumbuka ni nani angeuliza. Mlima angeuliza kuhusu kazi. Mwenye nyumba angeuliza kuhusu funguo. Halafu akamkumbuka mzee. Kila mchana, saa saba, mzee alikuwa anasogeza sahani ya ndizi na parachichi katikati ya benchi, bila kusema kitu, na kungoja hadi Bupe achukue kwanza. Mke wake alishafariki. Watoto wako Dar, simu zao zinaita hazipokelewi. Walikula hivyo miezi mitatu. Jumla ya maneno pengine hamsini.

Leo saa saba mzee atasogeza ile sahani.

Na wiki ijayo watakuja kumchukua.

Bupe akainuka.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye mchoro. Mwezi uliopita mzee alimwita, akamwonyesha mlango wa nyuma. "Weka komeo la kufungulia ndani," alisema. Bupe akamwambia mchoro hauna. Mzee akamjibu, "Mlango wangu wowote unafunguka kutoka ndani. Mtu asife kwenye kazi yangu." Bupe alilichomelea mwenyewe, chini, nyuma ya taa ya kulia. Dekker hakuwahi kuuliza.

Alipapasa. Lilikuwa pale. Baridi, la kwake.

Alifungua mikanda ya Subaru, mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne aliuacha. Akaingia kwenye gari kupitia dirishani, akajibana kwenye kiti chenye umbo la beseni. Gari la mashindano halina funguo. Swichi mbili na kitufe chekundu. Kwenye sakafu kulikuwa na mtungi wa kuzimia moto, umefungwa kwa klipu.

Alisubiri.

Alikuwa anaijua ile barabara. Inateremka, inateremka, halafu karibu na njia panda ya Masukulu kuna kilima kimoja kifupi kabla ya daraja jembamba. Basi lingepanda polepole. Pua juu, mkia chini.

Injini ikabadilisha sauti. Gia ya tatu. Ya pili.

Sasa.

Alitoka, akakata mkanda wa nne kwa kisu, akavuta komeo, akarudi dirishani kama samaki. Mlango ulianguka wote kwa pamoja. Daraja likapiga lami, cheche zikaruka, mwanga mweupe ukajaa ndani. Aliona chai ya kijani pande zote na barabara ikikimbia nyuma.

Gia huru. Breki ya mkono chini.

Subaru ikaanza kuteleza kinyumenyume. Tairi za nyuma zikagusa daraja, kisha lami, kisha za mbele, kishindo kikapanda hadi kwenye meno. Gari lilikuwa bado linakimbia mbele kwa nguvu ya basi, peke yake, kwenye barabara.

Swichi, swichi, kitufe chekundu.

Injini ikaitika.

Bupe alikanyaga kilachi, akapachika gia ya pili, akakanyaga mafuta. Dirishani pa basi aliuona uso wa Hezron, mdomo wazi. Alimpita kulia, akapanda kilima, akashuka, akaingia katikati ya daraja, akavuta breki ya mkono. Subaru ikazunguka na kusimama ubavu, imeziba njia yote.

Scania ilikuja inaburuza mlango wake kama mkia uliovunjika. Ikapiga honi. Ikafunga breki.

Ilisimama mita moja kutoka kwenye bega lake.

"Mlima, huyu ni Ukungu."

"Ukungu. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha gari. Njia panda ya Masukulu, darajani. Nahitaji watu."

"Dakika kumi na tano. Una ushahidi?"

Bupe alikuwa anachomoa mtungi kwenye klipu.

"Nina mwanzi," alisema.

Dekker alishuka na Glock mkononi. Hakukimbia. Alizunguka Subaru, miwani bado usoni, akainama dirishani. Akamwangalia Bupe kwa muda.

"Wewe ni nani?"

"Mchomeleaji."

"Mchomeleaji wa wapi?"

"Wa kitanda chako."

Alikunja uso. Kweli alikuwa anajaribu kukumbuka. Katika ile sekunde moja ya kujaribu, Bupe alibonyeza. Unga mweupe ulijaa miwani, pua, mdomo. Risasi ikaenda mtoni. Bupe alisukuma mlango kwa miguu miwili, ukampiga Dekker magotini, na alipokuwa anainama akampiga na mtungi kwenye kifundo cha mkono. Glock ikaanguka. Bupe akaipiga teke chini ya Subaru. Dakika moja baadaye Dekker alikuwa amefungwa mikono kwa kipande cha ule mkanda wa nne kilichobaki kwenye Subaru.

Hezron alikuwa kwenye ngazi ya basi, mikono kichwani, viatu vyeupe bado visafi.

"Dada, mimi dereva tu. Ukweli wa Mungu, dereva tu."

"Kaa chini."

Akakaa. Kwenye matope.

Wachumaji chai walishaanza kusogea na vikapu mgongoni. Halafu Land Cruiser mbili zikaja na vijana sita, na askari mmoja wa msitu aliyekuwa kwenye doria karibu. Kiongozi wao aliingia na kipimo cha laiza, akatoka na karatasi.

"Dada, inasoma mita nne na arobaini na tano. Mchoro unasema mita nne na arobaini na tano."

Dekker alitema unga. "Mmevamia gari la mgeni," alisema kwa utulivu. "Mmeharibu mlango wangu. Kateni ukuta, mkikuta sponji, mtaeleza kwa ubalozi. Na yule babu aliyesaini ataeleza pia."

Kiongozi alimwangalia Bupe. Sikioni, Mlima alikuwa amesikia yote.

"Ukungu. Kama nyuma ya ule ukuta kuna hewa tu, tumekwisha. Wewe, mimi, na mzee. Una uhakika?"

Bupe aliangalia mwanzi, umelala mshazari kutoka pembe hadi pembe. Hakuwa amesikia pumzi hata moja. Alikuwa na kijiti kilichokatwa na mzee asiyesoma. Tena mzee mwenyewe hakuwepo kusema neno.

Je, kama mzee alikosea? Siku ya kwanza, mvua, macho ya uzee?

Alikumbuka ule mshono wa kwanza aliomwonyesha. Mzee aliupitishia kidole chote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kusema ndaga.

"Nina uhakika," alisema.

Aliwasha inveta ya basi, akachomeka grenda ya Makita iliyoletwa na vijana, akashusha kioo usoni. Cheche zikaruka. Alikata mstari wa juu, wa pembeni, wa chini, taratibu, kwa juu juu, kama mtu anayefungua barua ya mwingine. Akazima. Akaingiza vidole na kuvuta.

Sponji.

Dekker akatabasamu.

Bupe alivuta sponji. Nyuma yake kulikuwa na kreti la mbao, na feni ndogo iliyozimika nyaya zilipokatika. Na mkono. Mkono mdogo mweusi, umeshika fito.

Kisha ndani ya kreti kukatoka mlio, mkavu, kama honi ya baiskeli iliyokabwa. Wachumaji chai wakarudi hatua tatu. Askari wa msitu akavua kofia.

"Ni yeye," alisema. "Ndiye mama. Mtoto amemshika tumboni, angalia. Wazima wote."

Nywele za kichwani mwa yule mama zilikuwa zimesimama wima. Alimwangalia Bupe moja kwa moja.

Alimwona.

Saa saba na robo Bupe alishuka kwenye pikipiki mbele ya gereji, begi mgongoni. Mwanzi ulikuja nyuma, juu ya Land Cruiser ya vijana. Erasto alikuwa amekaa juu ya tairi, macho mekundu, askari pembeni yake. Alishaeleza yote kabla hajaulizwa. Huko Kiwira walimwambia kwamba akisema, nyumba ya mama yake itaungua.

"Nilikuomba uache," alimwambia Bupe. "Nilidhani watakuua."

"Najua."

"Jeni, kwani wewe ni nani?"

Bupe alienda kwenye benchi.

Mzee Ambindwile alikuwa amekaa na koti lake la njano. Sahani ilikuwa katikati. Haikuguswa. Ndizi zilikuwa zimepoa.

Bupe alichukua ya kwanza. Mzee akachukua ya pili. Walikula.

"Karatasi yangu wamenirudishia," mzee alisema baadaye. "Wamesema nitaitwa kama shahidi tu."

"Ndiyo, baba."

"Ulilala?" aliuliza.

Alikuwa anaulizia mwanzi.

"Uligoma. Sentimita arobaini na tano."

Mzee alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia habari za mtoto wake aliyefaulu. Kisha akaangalia begi. Begi moja, lile lile la miezi mitatu, limefungwa, liko miguuni pa Bupe.

"Mwanzi unaenda na mwenye nyumba," alisema. "Sasa mwenye nyumba kafungwa. Na wewe ndiye uliyetengeneza kitanda."

"Ni mrefu, baba. Siwezi kusafiri nao."

"Basi nautundika. Utakuta hapa." Alikwangua jina la Dekker kwa kisu, polepole, hadi pakawa peupe. Akaweka waya kwenye moto wa gesi, ukawa mwekundu. Akaushika kwa koleo. "Niandike Jenifer?"

Nje mvua ilianza. Bupe aliangalia kenchi, yale majina thelathini na kitu. Watu wenye magari. Watu wenye mahali pa kurudi.

Miaka tisa.

"Bupe," alisema. Ilitoka ndogo sana, ikabidi arudie. "Niandike Bupe."

Mzee hakushangaa. Aliandika, herufi kwa herufi, zile nne. Moshi ukanuka asali iliyoungua. Akapanda ngazi mwenyewe, magoti yakilia, akautundika.

Bupe alivaa begi, akavuta kofia. Alimpa mzee mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mzee hakusema uje tena. Alisema tu, "Saa saba nakula hapa."

Barabara ya Bulyaga ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Alitembea bila haraka, mikono mfukoni. Watu walimpita na miavuli yao, wanafunzi, mwalimu mmoja kwenye baiskeli, mama na ndoo. Hakuna aliyegeuka.

Kifaa kikalia sikioni.

"Kazi nzuri, Ukungu. Kesho uko Sumbawanga, jina jipya liko kwenye bahasha. Swali la kufunga faili. Hapo Tukuyu, kuna mtu yeyote anayejua jina lako?"

Bupe aliendelea kutembea. Maji yalikuwa yanaingia kwenye buti la kushoto.

"Hakuna," alijibu.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Mlima. Akaubeba hadi stendi, na njia nzima haukumwelemea.